Jina Ubaoni

Watu wa kanisa la Mlima wa Maombi, pale Lindi, mtaani Kibera, Nairobi, hawakumwomba Mungu kwa jumla jumla. Mchungaji wao aliwafundisha kwamba ombi lisilo na jina ni kama barua isiyo na sanduku la posta: itazunguka tu, isimfikie mtu. Kwa hiyo ukutani, kando ya meza ya sadaka, palitundikwa ubao mweusi uliotupwa na shule moja baada ya kuvunjika kona. Juu yake yaliandikwa kwa chaki majina ya waliopotea, kila jina na mzigo wake. Pombe. Uganga. Kutupa mke na watoto. Ukipotea uliandikwa, na ukishaandikwa hapakuwa na wa kukufuta. Sharti lilikuwa moja: uje kwa miguu yako, ujifute kwa mkono wako.

Msicheke. Jambo hilo lilifanya kazi. Mwaka wa sabini na mbili fundi mmoja wa viatu, mlevi aliyeshindikana, aliingia katikati ya ibada, akaenda moja kwa moja mbele na kulifuta jina lake kwa mkono wa koti. Kanisa lilicheza mpaka mabati yakalia. Shivachi alikuwepo siku hiyo, akapiga makofi hadi viganja vikamwaka moto. Hakujua kwamba miezi mitano baadaye angesimama mbele ya ubao ule ule akiandika jina la mwanawe.

Kuandika ilikuwa kazi yake. Shivachi alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa bweni hutilia nguo zao, na kila sanduku likishakauka rangi alikuwa akiliandika jina la mwenyewe kwa brashi, herufi zimesimama wima, hazilalii upande wowote. Kanisa lilipouona mwandiko huo likamkabidhi chaki. Kila Jumamosi alasiri alikwenda na kitambaa kibichi, akapangusa vumbi, akayapitia upya majina yaliyofifia. Basi siku ilipofika hakuna aliyemshika mkono. Aliandika mwenyewe: SHIUNDU SHIVACHI, WIZI NA POMBE. Aliandika kwa herufi zile zile alizomfundishia mtoto huyo kusoma.

Shiundu alikuwa kifungua mimba wake. Alimleta Nairobi kutoka Kakamega akiwa na miaka kumi na sita, akamfundisha kupima bati, kukata, kukunja na kulibana kwa ribiti, na kijana akashika kazi upesi kuliko alivyoishika babaye. Kisha akapata marafiki, na marafiki wakampatia chang'aa. Akawa analala nje siku mbili, siku tatu. Mwishowe, Jumatatu moja, Shivachi alifungua kibanda akakuta mkasi wa bati hauko, nyundo mbili haziko, koleo haiko, na mtoto hayuko. Majirani walimwambia amwache, sikio la kufa halisikii dawa. Ni rahisi kusema hivyo juu ya sikio la mtoto wa mwenzako. Mwana akinyea kiganja hakikatwi, naye Shivachi hakukata.

Aliomba. Aliomba alfajiri kabla ya kuwasha jiko, magoti juu ya gunia. Aliomba akipiga nyundo. Ijumaa alifunga, hata maji hakunywa, na Mama Jentrix, kiongozi wa akina mama kanisani, akafunga pamoja naye kwa hiari yake, Ijumaa baada ya Ijumaa. Jumapili kanisa zima lililiinua jina la Shiundu kwa sauti moja. Miaka minne ilipita hivyo. Kila Krismasi Shivachi alishuka basi Kakamega, na mkewe Musimbi, ambaye alibaki nyumbani na shamba, alikuja kumpokea barabarani. Alitazama tu nyuma ya mumewe, kuona kama kuna mtu mwingine anayeshuka. Shivachi aliuchukia mlango ule wa basi kuliko kitu chochote duniani.

Januari ya sabini na saba, majuma ya kufungua shule, mama mmoja alimletea sanduku lililong'oka bawaba. Shivachi alilipindua ili aone ubovu, na mikono yake ikasimama. Kona za sanduku lile zilikuwa zimekunjwa mara mbili, kisha zikapigwa ribiti kwa ndani. Mafundi wa Nairobi hukunja mara moja tu, haraka haraka, bati likawakata watoto vidole. Kukunja mara mbili ilikuwa kazi yake mwenyewe, naye alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu. Akalitazama jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Herufi zilisimama wima.

"Mama, hii sanduku ulinunua wapi?"

"Kawangware. Kwa mama mmoja anaitwa Wagaki, hapo karibu na soko. Kwani ni mbaya?"

"Si mbaya," Shivachi akasema. "Ni nzuri sana."

Alirekebisha bawaba bila kutaka malipo. Alhamisi akafunga kibanda, akavaa koti lake la kanisani, akashika njia kwa miguu, akapanda mpaka barabara ya Ngong, akaifuata hadi Dagoretti Corner na kukata kuelekea Kawangware. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila aliyoyapanga aliyaona hayafai. Alipolikaribia duka la Wagaki aliisikia nyundo kabla hajamwona mpigaji. Mapigo mawili mepesi, moja zito. Akashika nguzo ya kibanda cha jirani.

Shiundu alikuwa ameinama juu ya bati. Alikuwa amenenepa kidogo, na kidevuni alikuwa na kovu ambalo babaye hakulijua. Aliinua uso.

"Baba. Umefikaje huku?"

"Kona zako zimenileta."

Shiundu akatabasamu bila kutaka. Akamsogezea kigoda, akakipangusa kwa kiganja. Wagaki, mwenye duka, mama mnene aliyekuwa akipaka sanduku rangi ya bluu, akaweka brashi chini.

"Wewe ndio baba yake? Karibu, mzee. Huyu kijana ni fundi. Na hanywi, nakuambia ukweli. Angekuwa anakunywa singekaa na yeye hata wiki moja."

"Niliacha mwaka jana, mwezi wa nne," Shiundu akasema, macho yake chini.

Shivachi alitaka kupiga vigelegele kama mwanamke. Mwezi wa nne! Yaani alipokuwa akiinua mikono yake akilia Ijumaa zile zote, jibu lilikuwa limekwisha kutoka, liko Kawangware linapiga bati.

"Mbona basi hukuja, mwanangu? Mama yako macho yameanza kumsumbua kwa kukutafuta barabarani."

"Nilikuja." Shiundu akaiweka nyundo chini. "Mwaka juzi. Nilipata kibarua Kambi Muru, hapo hapo Kibera, kuna mtu alikuwa anajenga nyumba za kupangisha. Nyapara akaniuliza jina, nikamwambia. Akaita wenzake, akasema kujeni muone, si huyu ndiye Shiundu wa ubao? Akanifukuza. Nikasema wacha nije kwako hata hivyo. Nikafika karibu na kanisa, nikakuta watoto wanaruka kamba. Unajua wanaimba nini, baba? Shiundu Shivachi, wizi na pombe. Wanahesabu kamba na jina yangu. Nikarudi kunywa."

Kweli watoto walikuwa wakiimba kitu nje ya kanisa. Shivachi alikuwa akikisikia kila Jumamosi, chaki iko mkononi, akadhani ni wimbo wa shule.

"Lile ni jina la maombi," alisema mwishowe.

"Ni la maombi, sawa. Lakini ni mimi nalivaa."

"Basi njoo ulifute. Ndiyo sheria yetu. Siku utakapolifuta, Shiundu, kanisa litakubeba juu juu."

"Sitaingia mahali nimeandikwa mwizi." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha babaye. Aliinama chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa mkasi wa bati, mpya, bado una mafuta ya dukani. "Hii nilikununulia zamani. Nilikuwa nangoja siku. Niliiba vyombo vyako, baba, sikatai. Nikikuta limefutwa, nitaingia, nitapiga magoti mbele ya watu wote, niseme yote na mdomo yangu. Lakini nitasema mimi. Sio ubao. Futa wewe, mimi nitakuja."

"Lini?"

"Jumapili hii."

Shivachi alirudi Lindi na mkasi kwapani, akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Furaha ilimfikisha mpaka Dagoretti Corner. Kuanzia hapo hofu ikashika zamu. Mchungaji alikuwa amesema mara ngapi? Anayefuta jina la mwenzake kabla ya wakati anamnyang'anya Mungu kazi mkononi. Je, akifuta, halafu mtoto asije? Je, akifuta, na ule ulinzi uliomtoa kwenye chang'aa mwezi wa nne ukaondoka siku hiyo hiyo? Na asipofuta? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini hakuna methali inayomwambia mzazi afanye nini nao.

Angetaka kumuuliza mchungaji, ila mchungaji alikuwa amekwenda Busia kumzika shemeji yake. Akabaki Mama Jentrix. Ijumaa jioni walipofungua saumu pamoja kwa uji, Shivachi alilifikisha jambo hilo hadi mdomoni, akalimeza pamoja na uji. Alimjua mama huyu. Angesema, "Baba Shiundu, tumelia miaka minne, leo unataka kuchukua njia ya mkato?" Na aibu ilimshika vilevile, kusema kwamba maombi yao yamekuwa wimbo wa kuruka kamba. Laiti angesema! Lakini wanaume wengi hufa na neno moja kooni, na Shivachi hakuwa tofauti na wenzake.

Jumamosi alasiri aliingia kanisani peke yake. Aliyapitia majina mengine kwanza, polepole kupita kiasi, kama mtu anayekula pembezoni mwa sahani. Kisha akakunja kitambaa. "Baba wa mbinguni," akasema, "nisamehe kama nakosea. Sina njia nyingine." Akafuta. Jina lilitoka kwa mara moja tu, tena kirahisi, jambo ambalo lilimuumiza. Pakabaki pengo jeusi, refu, katikati ya majina mawili. Angeweza kuyasogeza mengine yalizibe. Fundi mzima, mtu wa kupima bati, hilo halikumjia kichwani.

Jumapili aliketi benchi la mbele, mahali pake pa siku zote, lakini shingo yake ilikuwa mlangoni. Waliimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mlango wa kanisa ulikuwa pazia la maua, na kando yake alisimama Mulwa, mzee wa Kitui aliyehamia hapo mwaka uliopita, ambaye kazi yake ilikuwa kukaribisha wageni. Kila pazia lilipotikisika, moyo wa Shivachi uliruka. Aliingia mama na mtoto. Waliingia wasichana watatu waliochelewa. Uliingia upepo.

Wakati wa maombi ukafika. Kwa kuwa mchungaji hayupo, Mama Jentrix ndiye aliyesimama mbele kusoma ubao. Shivachi alikuwa ameazimia kwamba leo hafumbi macho, hata wamwone mpagani. Lakini mazoea yana taabu. Mama Jentrix aliposema, "Tupige magoti, tufumbe macho," kope zake zilitii kabla yeye mwenyewe hajakumbuka. Akaweka paji la uso juu ya benchi pamoja na kanisa zima, na sauti ikaanza kusoma. Jina la kwanza, kanisa likalia. La pili, likalia. La tatu.

Kukawa na kimya kifupi.

Mama Jentrix alikuwa ameliona pengo. Moyo wake ulishtuka, kwa sababu Shiundu alikuwa kama mtoto wake wa kufunga na kulia. Akaona bila shaka ni watoto wale watundu, au tone la mvua limepenya bati. Mtu wa watu hawezi kuachwa nje ya maombi kwa ajili ya tone la mvua! Hakuhitaji kusomewa, alilijua kwa moyo. Akachukua chaki kutoka mezani, akaanza kuandika, na huku anaandika akapaza sauti kuliko alivyoipaza kwa wengine wote:

"Shiundu Shivachi! Wizi na pombe! Bwana, usimwache!"

Kanisa likapokea kwa ngurumo. Watu mia moja, wote wampendao, walipiga kelele jina lile kwa Mungu mpaka mabati yakatetemeka. Shivachi akafumbua macho. Aliona kwanza mgongo wa Mama Jentrix, kisha jina alilokwisha kuliandika, herufi kubwa zilizopindapinda, kubwa kuliko zote ubaoni. Aligeuka. Pazia lilikuwa limefunguliwa, na Mulwa alikuwa amesimama nje kwenye mwanga, anatazama njiani.

Aliinuka. Kati yake na mlango palikuwa na watu waliopiga magoti wamebanana, miguu imejaa njia. Akakanyaga kisigino cha huyu, sketi ya yule. Kila aliyemgusa alidhani ni Roho amemshukia Baba Shiundu, akazidisha sauti. Alipofika nje hakuwa na pumzi.

"Nani alikuwa hapa?"

"Ah, mzee, kuna kijana," Mulwa akasema kwa furaha. "Shati nyeupe, amechana nywele vizuri. Nikamwambia ingia, akasema wacha kwanza. Akasimama hapa, akafungua pazia, akatazama ule ubao wakati mlikuwa mnaita Shiundu. Akaniuliza, haya majina huwa inaandikwa na nani?"

"Ukamwambia nini?"

"Si nikamwambia ukweli. Nikamwambia ni Mzee Shivachi, fundi wa masanduku, mwandiko yake iko sawa kabisa. Nikasema, huyo mzee hajawahi kukosa Jumamosi hata moja. Hata jana nilimwona akiingia na chaki." Mulwa akatazama njia tena. "Akasema asante. Akaenda."

Shivachi alikimbia. Mzee wa miaka hamsini na mitano, na koti la kanisani, alikimbia hadi kwenye reli, akatazama huku na huku. Kulikuwa na mashati meupe mengi; ilikuwa Jumapili. Aliita jina mara moja kwa nguvu zake zote. Watoto waliokuwa wakicheza karibu na reli waliposikia "Shiundu Shivachi" wakaitikia kwa pamoja, wakicheka, yale maneno mengine mawili.

Aliporudi, ibada ilikuwa imeisha. Mama Jentrix alimjia mlangoni, macho mekundu kwa kulia, uso unang'aa.

"Baba Shiundu, mtoto wako alikuwa amefutika ubaoni! Nimemrudisha. Nimemwandika kubwa, hata shetani asome."

Angemwambia nini? Mwanamke huyu alikuwa amekaa na njaa Ijumaa mia mbili kwa ajili ya mtoto ambaye si wake. 

"Asante, mama," Shivachi akasema.

Jumatatu alikwenda Kawangware kabla umande haujakauka. Hakusikia nyundo. Wagaki alikuwa peke yake, masanduku yamepangwa, moja halijamaliziwa kona.

"Alikuja jana mchana akachukua nguo zake," Wagaki akasema. "Nikamuuliza unaenda wapi, akasema mbali. Nikamuuliza baba yako akija nimwambie nini. Akasema, mwambie nilifika."

Shivachi alikaa kwenye kile kigoda mpaka saa sita. Kisha akaomba nyundo, akaimalizia kona ile, akaikunja mara mbili.

Tangu siku hiyo anaomba bado, usidhani ameacha. Anapiga magoti juu ya gunia kila alfajiri, ila hajui tena amwombe Mungu nini, kwa sababu alichoomba alipewa, kikafika hadi mlangoni. Kanisani amehama benchi la mbele. Huketi nyuma kabisa, karibu na Mulwa, na wakati wa maombi hafumbi macho. Huyakaza kwenye pazia. Watu wamemwona. Wamemsema kwa upole, kisha kwa ukali. Mchungaji aliporudi alimwita mara mbili. Shivachi alisikiliza, akaitikia, na Jumapili iliyofuata macho yalikuwa wazi vile vile. Mwishowe Mama Jentrix, kwa upendo na kwa machozi, aliichukua chaki akaandika chini ya jina la Shiundu, kwa mwandiko wake uliopinda: BABA SHIUNDU, MOYO MGUMU.

Jumamosi Shivachi alikwenda na kitambaa chake. Alipangusa vumbi, akalikuta jina lake. Hakulifuta, ingawa yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa. Alilisimamisha herufi moja moja mpaka likanyooka, kisha akalinyoosha na la juu yake, maana mwana akija aone jina la babaye chini ya lake, asije akadhani ameachwa pale peke yake.